Pilipili Haina Kosa

Kamatanda, ukingoni mwa mji wa Likasi huku Kongo, mtu akishika tumbo juu ya kitovu na kukunja uso, hukumu huwa imeshatolewa kabla hajafika kwa muuguzi. Ni gastriti. Sababu zake nazo hazina mjadala: anakula pilipili mno, anashinda na njaa hadi jioni, ana mawazo. Lakini mgonjwa akiwa mtoto wa miaka mitano, ukitaja gastriti watu watakucheka. Mtoto ana mawazo gani? Huyo ana minyoo, mpeni dawa ya minyoo.

Hukumu hiyo naipinga yote, kuanzia pilipili hadi minyoo. Mchomo wa utando wa ndani wa tumbo, ambao ndio gastriti yenyewe, katika maeneo kama yetu ni ugonjwa wa kuambukizwa kwa sehemu kubwa. Huingia nyumbani kwa njia ya mikono, maji na choo, huwakuta watu wangali watoto, na usipotibiwa hukaa nao mpaka uzeeni. Mama anayelalamika leo akiwa na miaka thelathini na mitano, yaelekea aliupata kabla hajajua kusoma. Tukiuita ugonjwa wa watu wazima wenye mawazo, tunamuuzia mama dawa ya kupoza asidi na kumwacha mwanawe aendelee kunawa katika beseni lilelile.

Haki itendeke kwanza: imani hii hawakuizua bibi zetu. Ilikuwa elimu ya madaktari. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, vyuo vya tiba vilifundisha kwamba asidi ikizidi tumbo huungua, na kwamba asidi huzidishwa na wasiwasi, kula ovyo na viungo vikali. Mgonjwa wa vidonda aliambiwa anywe maziwa, ale vyakula visivyo na ladha, apumzike. Aliyezidiwa alikatwa sehemu ya tumbo. Mwaka 1976 simetidini ikaingia sokoni, dawa ya kupunguza asidi, na maumivu yakapoa kweli. Dawa ikiachwa, yakarudi. Waliouliza kwa nini yanarudi walikuwa wachache.

Mwaka 1982, mjini Perth, Australia, Robin Warren, mtaalamu wa kuchunguza vipande vya nyama ya mwili kwa hadubini, na daktari kijana Barry Marshall, walifaulu kuotesha bakteria aliyejipinda kutoka matumboni mwa wagonjwa wao. Wengi hawakuwasadiki, maana iliaminika kwamba hakuna kiumbe anayeweza kuishi ndani ya asidi ile. Mwaka 1984 Marshall akachukua kikombe cha bakteria hao akakinywa. Siku chache baadaye alianza kutapika na pumzi yake kunuka, na kamera ilipoingizwa, tumbo lililokuwa zima lilikutwa limewaka. Si pilipili wala njaa iliyoliwasha. Bakteria huyo leo anaitwa Helicobacter pylori, na mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Kabla ya hapo, mwaka 1994, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO lilikuwa limeshamweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Kuna watakaosema hayo ni mambo ya Australia. Basi wasikie ya jirani. Mwaka 1987 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha utafiti kutoka Rwanda juu ya bakteria huyuhuyu, gastriti na vidonda vya tumbo katika Afrika ya kati. Mwaka 1991 ukatoka mwingine uliofanywa kwa kamera ya tumbo katika vijiji vya Kivu, wakati huo tukiitwa Zaire. Vijiji, nasema, si ofisi za mjini zenye mabosi wasiolala. Kwa hiyo jambo hili limejulikana katika nchi yetu kwa zaidi ya miaka 30, na bado tunazungumza kana kwamba habari haijavuka Lualaba. Uchambuzi mkubwa wa tafiti za dunia uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba mwaka 2015 watu bilioni 4.4 walikuwa na bakteria huyu, zaidi ya nusu ya dunia, na Afrika ndiyo iliyoongoza: takribani watu 70 katika kila 100.

Hapa ndipo hoja yangu inaposimama, na msomaji aishike vizuri. Karibu kila mwenye bakteria huyu, utando wa tumbo lake una mchomo ukitazamwa kwa hadubini, hata kama hasikii lolote. Wataalamu waliokutana Kyoto, Japani, katika maazimio yaliyotolewa mwaka 2015 walisema wazi kwamba gastriti ya namna hii ihesabiwe kuwa ugonjwa wa kuambukiza, iwe inauma au haiumi. Wengi hawataumwa kamwe. Wachache, pengine mmoja au wawili katika kila kumi, watapata vidonda katika maisha yao, na wachache zaidi saratani.

Sasa mtu akiuliza gastriti imeenea kiasi gani Kamatanda, na katika umri gani, jibu linategemea anauliza wapi. Akifungua daftari la kituo cha afya, lile kubwa lililopigwa mistari kwa rula na kalamu nyekundu, atakuta gastriti imeandikwa mbele ya majina ya watu wazima, wanawake wengi, watoto karibu hakuna. Atafunga daftari akisema: mnaona, ni ugonjwa wa wakubwa. Lakini daftari linahesabu malalamiko. Muuguzi wa kituo hana kamera ya tumbo. Ana masikio yake na kidole cha mgonjwa kinachoonyesha panapouma. Mama anasema, "Munganga, roho inaniunguza, nikikula pilipili ni mubaya zaidi," na neno linaandikwa. Mtoto anasema "tumbo" tu, neno lake kwa kila kitu kuanzia koo hadi magoti, na linaandikwa lingine. Hivyo daftari linatuonyesha umri wa wanaojua kueleza. Umri wa ugonjwa halituonyeshi, na wala si kosa la muuguzi.

Ukienda kwa watoto wenyewe, picha inageuka. Kampala, Uganda, watafiti walipima kinyesi cha watoto 427 wenye umri wa kuanzia siku za kwanza hadi miaka 12, watoto walioonekana wazima, wasio na lalamiko. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: asilimia 44.3 walikuwa na bakteria. Kati ya wale ambao hawajatimiza hata mwaka mmoja, zaidi ya robo walikuwa naye tayari. Hawa ni watoto wa kubebwa mgongoni. Hawana deni, hawana mume mlevi, hawajawahi kuonja pilipili.

Huko Ulaya, kinyume chake, wazee ndio wenye bakteria huyu kwa wingi na vijana wao hawana. Mtu asiyejua anaweza kudhani uzee unamleta. La hasha. Wazee wale walikulia katika nyumba za msongamano na maji machafu, wajukuu wao wakakulia kwenye bomba. Alipungua kizazi kwa kizazi bila kampeni yoyote ya vidonge, kwa maji na vyoo na vitanda vya kutosha. Kwetu utoto wa wajukuu bado unafanana na wa babu, ndiyo maana watu wa rika zote wamo.

Turudi kwenye ushahidi wa majirani zetu hapa Kamatanda, kwa sababu si wa kupuuzwa, wanasema wanachokiona. Wanaona njaa inaleta maumivu. Mama ametoka alfajiri kwenda shamba au sokoni, hajala, saa tisa alasiri tumbo linawaka. Jioni anakula bukari na sombe, linatulia. Nani atamwambia kwamba njaa si chanzo? Lakini hiyo ndiyo tabia ya kidonda kilicho mwanzoni mwa utumbo mdogo: huuma tumbo likiwa tupu, aghalabu usiku, na hupoa mtu akila. Njaa imekionyesha kidonda, haikukichimba. Wanaona pia pilipili inachoma. Inachoma kweli, hata kwenye jicho na kwenye kidole chenye mkwaruzo, wala hakuna anayesema pilipili ndiyo iliyomkwaruza. Mwaka 1988 madaktari wa Houston, Marekani, waliwalisha watu wazima wa afya vyakula vyenye pilipili kali kisha wakatazama tumbo kwa kamera. Hawakuona madhara ya maana. Mwaka 1995 utafiti wa Singapore ulikuta kwamba wenye vidonda walikuwa wakila pilipili kidogo kuliko wasio navyo. Anayeumia akila pilipili aiache, ni haki yake. Ila asidhani kwamba kwa kuiacha amejitibu.

Hoja ya mawazo ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa kuwa inamrudishia mgonjwa kosa. Mwanamke anaumwa, na jibu analopewa ni kwamba apunguze kuwaza, kana kwamba karo ya watoto na bei ya unga ni mambo aliyojitakia. Sikatai kwamba wasiwasi huongeza maumivu. Wapo pia watu ambao tumbo lao huuma na kamera haikuti kitu. Lakini kumwambia kila mwenye kiungulia kwamba ana mawazo ni njia nyepesi ya kumfukuza bila kumgusa.

Na minyoo? Dawa ya minyoo ni nzuri, watoto wapewe kwa ratiba. Nitakubali zaidi ya hapo: maumivu mengi ya tumbo kwa watoto hayatokani na Helicobacter, na miongozo ya kimataifa ya magonjwa ya tumbo ya watoto inakataza kumpima na kumtibu kila mtoto kwa sababu tu anaumwa tumbo. Kwa hiyo sidai kwamba watoto wa Kamatanda wapangwe mstari wagawiwe antibiotiki. Ninachodai ni kwamba tusiseme hawahusiki. Bakteria huyu amehusishwa na upungufu wa madini ya chuma mwilini, jambo ambalo kwa mtoto anayepigwa na malaria kila masika si dogo. Tena huweza kupunguza asidi, na asidi ya tumbo ni lango linalowaua vijidudu wengi wa kipindupindu kabla hawajafika utumboni. Utafiti wa Bangladesh uliochapishwa mwaka 1995 uliona kwamba wenye Helicobacter walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kipindupindu kikali. Sisi tuliokuwa Likasi na Lubumbashi mwanzoni mwa mwaka 2008, kipindupindu kilipojaza wagonjwa hospitalini, tuna sababu ya kulifikiria hilo.

Anaingiaje nyumbani? Utafiti wa Lima, Peru, uliotolewa mwaka 1991 ulihusisha maambukizi ya watoto na mahali familia inapochota maji. Mwaka 1992 bakteria huyu alioteshwa kutoka katika kinyesi cha watoto wa Gambia. Yapo pia matapishi, mate, kulala wengi kitanda kimoja, mama na watoto, kaka na wadogo. Lakini niruhusuni niutazame mlo wa kawaida wa jioni. Sufuria ya bukari imepakuliwa, kuna sahani moja ya lenga-lenga na ndakala. Beseni la kunawa linaanza kwa baba, au kwa mgeni kama yupo, linakwenda kwa wakubwa kwa heshima ya umri, na maji hayabadilishwi, kwani yamebebwa kichwani kutoka mbali. Linapofika kwa mtoto wa miaka mitatu, yale maji yana rangi. Anatumbukiza vidole, anavitoa, anamega bukari. Heshima imetimizwa, usafi umekwenda kinyume, maana mwenye kinga ndogo ndiye aliyenawa katika uchafu wa wote. Jagi moja la kumiminia, maji yakitiririka juu ya mikono na sabuni kidogo, lingetumia kiasi kilekile cha maji. Hili halihitaji mradi.

Nataja mlo, ila sitaki tutoke kwenye kulaumu pilipili tuingie kwenye kulaumu akina mama. Mama hawezi kunawisha kwa maji ambayo hana. Katika vitongoji vingi vya pembeni mwa Likasi bomba halifiki kila ua. Watu huchota kwenye visima vilivyochimbwa kwa mkono, na kisima na choo hukaa katika kiwanja kimoja. Mji huu umetoa shaba tangu ulipoitwa Jadotville. Kiwanda cha Shituru kilianza kusafisha madini kwa umeme mwaka 1929. Maji ya kuoshea mawe yamepatikana miaka yote hiyo.

Nikitaja mawe najua nimechokoza hoja nyingine, maana wapo wanaosema ugonjwa wote huu ni vumbi la machimbo. Madini yapo mwilini mwetu, hilo halina ubishi: mwaka 2009 Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Ubelgiji walichapisha vipimo vilivyoonyesha kobalti nyingi katika mkojo wa watu waishio karibu na machimbo na viwanda vya Katanga, na watoto walikuwa miongoni mwa walioathirika zaidi. Wenye kuchafua wana la kujibu. Ila gastriti imejaa Gambia, Kampala na vijiji vya Kivu vilivyo mbali na kobalti yoyote, na vumbi haliwezi kuelezea huko kote. Tukilipa vumbi kesi isiyo yake, tunaidhoofisha ile iliyo yake.

Machimbo yanaingia katika hadithi hii kwa mlango mwingine, na huo hausemwi. Mchimbaji wa mikono anabeba magunia mgongoni mchana kutwa. Jioni mgongo hauinuki. Anapita kwenye kibanda cha dawa, ambako vidonge havitoki kwenye sanduku: muuzaji ana mkasi, anakata ukanda wa vidonge viwili viwili, vitatu vitatu, mara nyingine jina na tarehe vimebaki kwenye kipande alichokata kwa mwingine. Ibuprofeni, diklofenaki, indometasini. Anameza kabla ya kula, kila siku, miezi. Dawa hizi zinatuliza maumivu kwa kuzuia kemikali ambayo pia ndiyo inayoulinda utando wa tumbo. Zikikutana na utando ambao bakteria ameushambulia tangu utotoni, hatari ya kidonda na ya kutoka damu inapanda kuliko kila moja ingekuwa peke yake. Ongezeni lutuku ya jioni, ile pombe kali ya kienyeji, nayo haina utetezi wangu. Kisha mtu huyu akianza kuumwa tumbo anarudi kwenye kibanda kilekile, na muuzaji anamuuliza: "Ulikula pilipili?" Ningekuwa na uwezo ningembadilishia swali hilo moja tu.

Sasa wapo wanaosikia kwamba watu 70 katika 100 wanaye, wakanyanyua mabega: kama ni wa wote, basi ni wa Mungu, tuache. Hata wanasayansi walikuwa na fumbo lao, wakashangaa Afrika ina maambukizi mengi na saratani ya tumbo chache. Fumbo hilo limepungua uzito, kwa sababu pasipo na kamera saratani haionekani, na kwa sababu milima ya Rwanda, Burundi, Kivu na Kilimanjaro inajulikana kwa saratani hiyo. Na kidonda kinachotoboka usiku, mbali na chumba cha upasuaji, hakijali fumbo. Malaria nayo ilikuwa ya wote.

Kundi la mwisho ni la wenye haraka, wanaotaka kila mtu anunue antibiotiki. Mfano upo: visiwa vya Matsu, Taiwan, vilianza mwaka 2004 kupima na kutibu watu wa miaka 30 na zaidi, maambukizi yalishuka kutoka asilimia 64 hadi 15, na saratani ya tumbo ikapungua kwa takribani nusu. Safi sana. Lakini Matsu walipima, wakatibu, wakapima tena, na maji yao hayakuwa ya kisima kilicho kando ya choo. Tiba yenyewe ni omeprazoli pamoja na antibiotiki mbili au zaidi kwa siku 14 kamili. Ikinunuliwa kwa mkasi, siku tatu mtu akiona nafuu akaacha, inafuga bakteria sugu, na usugu dhidi ya metronidazoli katika Afrika tayari ni mkubwa. Hata kipimo kina masharti: cha damu hakitofautishi aliye na bakteria leo na aliyekuwa naye zamani, cha kinyesi ni bora, ila aliyemeza omeprazoli sharti aiache wiki mbili kabla, na antibiotiki wiki nne, la sivyo kitasema hana.

Kwa hiyo nawaomba wauguzi na kamati ya afya ya Kamatanda mambo ambayo hayasubiri mfadhili. Mbele ya kila gastriti mnayoiandika, andikeni umri, chanzo cha maji ya nyumba ile, na dawa za maumivu alizomeza mwezi uliopita. Baada ya mwaka mmoja mtakuwa na daftari ambalo viongozi wa mji hawawezi kulijibu kwa kusema watu wapunguze pilipili. Mgonjwa anayetapika damu, anayetoa choo cheusi kama lami, anayekonda bila sababu au anayekwamwa na chakula kooni asipewe chupa ya kupoza asidi. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Nanyi wenye vibanda, mkiombwa ibuprofeni na mtu aliyeshika tumbo, msimuuzie.